Kutoka Kyela Kupanda Tukuyu, Jua la Oktoba

Mji wa Tukuyu umekaa kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa, ambalo siku ya anga safi huonekana kutoka vilima vya hukohuko Rungwe, liko kwenye mita 475 hivi. Kinachounganisha viwili hivi ni barabara ya lami inayotoka Uyole jijini Mbeya, ikapita Kiwira na Tukuyu, kisha ikateremka hadi Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Mwenye gari huimaliza sehemu ya Tukuyu hadi Kyela, kilomita zipatazo 50, vioo vikiwa vimefungwa na redio ikiimba. Mwenye baiskeli huonja kila mita. Nimepanda Mombo hadi Lushoto, nimepanda Kitonga malori yakinipumulia kisogoni, na bado sijaona barabara Tanzania hii inayompa mwendesha baiskeli mambo mengi kwa umbali mfupi kama hii ya Rungwe.

Nilikwenda Oktoba kwa makusudi. Watu wakisikia Tukuyu hufikiri baridi, ukungu na mvua, na hawakosei. Hapa ni miongoni mwa mahali panaponyesha kuliko pote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Juni na Julai wenyeji hawaachi makoti nyumbani. Lakini Oktoba mvua huwa bado haijaanza, kilele cha Mlima Rungwe kinatoka hadharani na jua linapata nafasi. Tena si jua la kawaida. Wilaya ya Rungwe iko nyuzi 9 na robo hivi kusini mwa ikweta, na jua katika safari yake ya kila mwaka kwenda kusini hupita juu ya utosi wake karibu na tarehe 17 na 18 Oktoba. Siku hizo, ikifika saa sita na nusu mchana, mgomba hauna kivuli cha pembeni cha kumfaa mpita njia. Kivuli chote kimejikusanya kwenye shina. Jua hilo hurudi tena utosini mwishoni mwa Februari, ila wakati huo huwa limefunikwa na mawingu ya mvua. Kwa hiyo anayetaka kujua joto na mlima vinakutanaje barabarani, mwezi wake ni huu.

Mwenyeji wangu ni kijana wa Katumba, hukohuko Rungwe, mtoto wa mkulima mdogo wa chai. Baiskeli yake ni ya resi, ya mtumba, fremu ya chuma na matairi membamba, na ameitunza hata rangi yake inang'aa. Jioni ya kuamkia safari tulizipindua baiskeli zetu uani, magurudumu juu, tukakagua cheni, spoku na mipira ya breki. Mama yake akatoka jikoni akasimama kututazama.

"Mnashuka Kyela na hizi?"

"Tunashuka na tutapanda nazo, mama."

Akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akarudi ndani na kutoka na vichana viwili vya ndizi mbivu. "Basi bebeni hizi, wanangu. Njaa ya mlimani haingoji mfike."

Breki tulizikagua kuliko kitu kingine chochote. Breki zetu zote mbili ni za kubana rimu, na rimu ikibanwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto. Moto huo huingia kwenye tyubu, hewa ya ndani hutanuka, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Dawa yake ni kutobana muda wote. Unaiacha baiskeli ikimbie pale barabara inapoonekana vizuri, unabana kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, mbele na nyuma kwa zamu, kisha unaachia ili rimu ipoe kwa upepo. Kijana wa Katumba alinieleza hayo kwa uzito wote wa mtu aliyekulia juu ya mteremko huo, na nilimsikiliza.

Tuliondoka kumepambazuka, saa kumi na mbili na nusu. Tukuyu asubuhi hiyo ilikuwa na baridi ya kuuma vidole. Mji huu Wajerumani waliuita Neu Langenburg walipouanzisha kuwa makao yao ya utawala, baada ya kuiacha Langenburg ya kwanza kule chini ufukweni mwa ziwa. Walipanda huku juu wakikimbia joto na malaria. Sisi tulikuwa tunashuka kulifuata joto hilo kwa hiari yetu. Wanawake waliokwenda sokoni na mizigo kichwani tuliwaamkia, "Mwagonile," wakaitika, "Ndaga," bila kupunguza mwendo.

Ukitoka mjini chai inakupokea pande zote mbili. Kilimo hiki ndicho kilichoijenga Rungwe ya leo pamoja na ndizi, viazi, maziwa, na siku hizi parachichi zinazosafirishwa hadi Ulaya. Wachumaji walikwishaingia shambani, vikapu mgongoni, kwa kuwa chai nayo huchumwa vizuri kabla jua halijawa kali. Barabara inainama, inapinda, inavuka bonde, inapanda kidogo na kuinama tena. Kusema kwamba inateremka moja kwa moja ni kumdanganya msomaji. Kuna vilima vingi vya kupanda ndani ya mteremko huo, na miguu iliyopoa kwa upepo hukasirika kila inapoambiwa ianze kunyonga upya.

Kanuni ya hewa ni kwamba kila unaposhuka mita 1,000 joto huongezeka kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Kwenye kitabu hiyo ni namba. Kwenye baiskeli unaihisi ngozini kilomita kwa kilomita. Pale Ushirika, ambako watalii huchepuka kwenda kuyaona maporomoko ya Kaporogwe, nilivua koti. Mbele kidogo nikakunja mikono ya shati. Chai ikaisha, migomba ikazidi, kisha ikaanza kuchanganyika na miembe, na harufu ya hewa ikabadilika, ikawa nzito na yenye unyevu. Tulipoanza kuiona mikakao chini ya kivuli cha miti mikubwa nilijua tumeingia Kyela, wilaya inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Halafu ardhi ikalala. Mashamba ya mpunga yaliyokwishavunwa yakatanda mbele yetu, makavu, na mstari wa Milima ya Livingstone ukasimama upande wa mashariki kama ukuta wa boma.

Kyela ni nchi ya baiskeli. Uwanda wake wa ziwa umelala sawasawa, na kwa miaka mingi watu wake wamebebana kwa baiskeli: mgonjwa kwenda hospitali, mwanafunzi kwenda shule, gunia la mchele kwenda mashineni, abiria aliyeshuka kwenye basi kwenda kijijini. Bodaboda zimepunguza kazi hiyo lakini hazijaimaliza. Karibu na mpaka wa Kasumulu bado utawaona vijana na wazee wamejipanga na baiskeli zao za Phoenix na za Kihindi, kerieri zimefungwa mito ya sponji kwa ajili ya abiria, madigadi yamepambwa kwa vipande vya mpira. Ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi, wenzao wanafanya kazi hiyohiyo na huitwa kabaza.

Tulisimama kwa fundi mmoja mzee chini ya mwembe ili kujaza upepo. Alipimapima tairi langu kwa dole gumba, akacheka kwa furaha kuona lilivyo jembamba, akawaita vijana waje waone. Tukazungumza. Nilimwuliza kama baiskeli za hapo huwa zinapanda Tukuyu.

"Zinapanda, mwanangu," alisema, "lakini juu ya Fuso. Mtu anafunga baiskeli yake juu ya mzigo, anapanda nayo, akifika huko anapakia ndizi, anateremka mwenyewe."

"Hakuna anayenyonga kupanda?"

"Wapo. Wapo vijana wenye shida na nauli, wapo na wenye nguvu tu. Hao utawakuta njiani, hutawauliza, utawaona."

Kutoka Kikusya kuna lami inayokwenda Ipinda na Matema, kilomita 39 za tambarare tupu, na hapo ndipo tulipokimbia kwa raha. Matema sitaielezea sana, kwa kuwa ufukwe huo una wasifu wake tayari na anayetaka kuogelea atafika bila mimi. Itoshe kusema kwamba tulikula wali wa mchele wa Kyela na mbasa wa kukaanga, tukanunua maembe, tukaoga ziwani jua likizama, na tukalala mapema. Katika kuendesha baiskeli kwenye joto, usingizi na maji ya jana yake vina thamani kuliko chochote utakachokifanya asubuhi ya siku yenyewe. Mtu akianza safari mkojo wake ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mlima utamdai.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Tulitoka Matema gizani na taa zetu, tukauvuka uwanda kwa hewa ya ziwa, tukafika mahali ambapo barabara kuu inaanza kuinuka jua likiwa limeshatoka na kushika. Mwenyeji wangu alikuwa amenihimiza tangu usiku: "Kaka, mlima huu ukiuanza saa nne, unapanda na jua bega kwa bega. Ukiuanza saa moja, unalitangulia." Hatukuweza kuuanza saa moja kutoka mbali kiasi kile. Tulikuwa na jua bega kwa bega.

Nataka niieleze hali hiyo vizuri, kwa kuwa wengi huidhani ni suala la ushujaa, na sivyo. Mwili wa mwendesha baiskeli hugeuza kama robo tu ya nguvu ya chakula kuwa mwendo. Robo tatu zinazobaki zinakuwa joto ndani ya mwili, na joto hilo lazima litoke. Kwenye tambarare unatengeneza upepo wako mwenyewe: unakwenda kilomita 25 kwa saa, upepo unapita juu ya ngozi, jasho linakauka, na kule kukauka ndiko kunakopoza. Mlimani mambo yanageuka. Kazi ya misuli inaongezeka, joto la ndani linaongezeka, lakini mwendo unashuka hadi kilomita 8 au 7 kwa saa, na upepo unakufa. Jasho linaacha kukauka na kuanza kudondoka. Jasho linalodondoka kwenye lami halijapoza kitu. Limeondoka na maji na chumvi yako bure. Na hapa, karibu na ziwa, hewa yenyewe imekwishajaa unyevu, haina haraka ya kupokea maji mengine. Ndiyo maana kilomita za mwanzo za mlima, zile za chini, zina mateso kuliko za juu, ingawa pengine hazina mwinuko mkali zaidi.

Kwa hiyo mtu hushinda mlima huu kwa kupunguza. Unaweka gia nyepesi kabisa mapema, kabla hujalazimika. Unakaa kwenye siti, husimami juu ya pedeli isipokuwa kunyoosha mgongo. Unapumua kwa kipimo cha kuweza kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Unafungua zipu ya fulana na unakubali kwenda polepole hata mtoto anayetembea na ndoo akusalimie, muongee, na akuache. Unakunywa kabla kiu haijaja, mafunda machache kila baada ya dakika kumi au kumi na tano. Maji peke yake hayatoshi kwa mtu anayetoka jasho lita moja kwa saa, kwa sababu chumvi inayotoka haiwezi kurudishwa na maji matupu. Sisi tulichanganya ule mchanganyiko unaofundishwa zahanati zote kwa ajili ya watoto wanaoharisha: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sijaona kinywaji cha dukani chenye chupa ya kupendeza kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa bei hiyo.

Mwili pia hujifunza. Mtu akifanya kazi kwenye joto kila siku kwa wiki moja hadi mbili, damu yake inaongezeka maji, jasho lake linaanza mapema na linatoka na chumvi pungufu. Watu wa Kyela wameshajifunza hivyo bila kuambiwa na mtu. Mimi niliyetoka mahali pengine nilikuwa bado mwanafunzi, na niliendesha kwa adabu ya mwanafunzi.

Tulipokuwa tumeshapanda theluthi hivi ya mlima, nyuma yetu nikasikia mlio wa kengele. Kijana mwembamba akatupita. Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, nzito, isiyo na gia hata moja, kerieri pana la fito limefungwa nyuma. Alikuwa amesimama juu ya pedeli, akiupeleka mwili kushoto na kulia kwa kila kanyago, akikata barabara kwa mshazari pale ilipokuwa haina gari ili kuupunguza ukali wa mwinuko. Miguuni alivaa katambuga. Alitusalimia kwa heshima, "Shikamooni," kwa kuwa ndevu zangu zilimwambia hivyo, akaendelea. Mbele alishuka, akaikokota mita kadhaa, akapanda tena. Tukamkuta juu kwenye kibanda kivulini akinywa maji kwa kikombe cha bati.

Alikuwa anakwenda kuchukua ndizi. Hupanda mtupu asubuhi, hupakia mikungu kwa mkulima anayemfahamu, kisha huteremka hadi Kyela kuziuza. Nilimwuliza breki zake zinahimili vipi mzigo ule kwenye mteremko ule. Akanionyesha katambuga ya kulia: kisigino chake kilikuwa kimelika upande mmoja. Anaposhuka huukandamiza mguu kwenye tairi la nyuma, mpira kwa mpira, na breki za vyuma zinasaidia tu. Nilimpa ndizi mbili za mama wa Katumba, akazitazama, akasema ni nzuri, angenunua mkungu mzima kama ningekuwa nao. Alipotuaga niliangalia mkono wangu: saa tano kasoro. Sisi tulikuwa na gia za kila namna, kofia ngumu, fulana zinazokausha jasho. Yeye alikuwa na hitaji la kufika, na kifua ambacho klabu nyingi za baiskeli duniani zingelipia fedha kukipata.

Ilipofika saa sita tulijificha. Hilo nalo ni sehemu ya ufundi. Jua la utosini halipigwi vita. Mtu huketi chini likapita. Tulikaa kwenye duka moja la kijijini lenye baraza pana, tukanunua soda baridi, tukavua viatu, tukamwagia maji shingoni na kwenye vifundo vya mikono, mahali ambapo damu iko karibu na ngozi na hupoa haraka. Soda ile niliinywa kwa heshima maalumu. Kwenye miteremko ya Mlima Kyejo, volkano iliyolipuka mara ya mwisho karibu mwaka 1800, ardhi inatoa gesi ya kaboni dioksidi kwa wingi, na kampuni ya TOL huivuna na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Povu linalokuchoma ulimi kwenye soda uliyoinunua Dar es Salaam huenda limetoka chini ya kilima hiki. Sehemu yote hii ni nchi ya moto uliolala. Hapa ndipo matawi ya Bonde la Ufa la mashariki na la magharibi yanapokutana na kuelekea Ziwa Nyasa, na volkano za Rungwe, Kyejo na Ngozi ni watoto wa makutano hayo. Mwinuko unaokutoa jasho umejengwa na volkano, na udongo mweusi unaoistawisha migomba pembeni yako ni majivu yake.

Mwenye duka, mama wa makamo, alitutazama tukivaa viatu tena saa nane. "Mbona hampandi basi tu, wanangu?" Mwenyeji wangu akamjibu kwa Kinyakyusa, na kwa kirefu. Sikuyaelewa yote. Mama akacheka, akatujazia chupa zetu kutoka kwenye mtungi wa ndani, akakataa fedha. "Ndaga fijo," nilimshukuru, na hilo lilimfurahisha kuliko noti ambayo ningempa.

Sasa niseme la malori. Barabara hii ni njia ya kimataifa. Mizigo ya Malawi inapita hapa, mabasi, Noah, Coaster, na Fuso za ndizi zinazokwenda Mbeya na Dar es Salaam. Miteremko ya ukanda huu, kuanzia ule wa Igawilo kule Mbeya, imeshaua watu wengi kwa malori yaliyokatika breki. Mwendesha baiskeli anayepanda yuko kushoto, polepole, akiyumba kidogo kwa kila kanyago, na bega la barabara mahali pengine ni jembamba au limeliwa na mvua. Madereva wengi tuliokutana nao walikuwa waungwana: walipiga honi mapema, fupi, wakapanua. Wachache walipita karibu kiasi cha kunisukuma kwa upepo wao. Dereva akimwachia mwenye baiskeli mita moja na nusu hapotezi hata dakika. Na wahandisi wanaoikarabati barabara hii wakumbuke kwamba bega la lami la mita moja upande wa kupanda ni njia ya kazi ya yule kijana wa ndizi na ya mwanafunzi anayerudi nyumbani. Kwao si pambo la barabara.

Alasiri ilikuwa njema. Jua lilipoinama upande wa magharibi, vilima vikaanza kutupa vivuli juu ya lami, na kila kona ya kushoto ilitupa dakika moja ya ubaridi. Hewa ikapungua uzito. Nilihisi jasho langu likianza kukauka tena, na kukauka huko, baada ya saa zote zile, kulikuwa na utamu ambao sijaupata kwenye tambarare yoyote. Miguu ilikuwa imechoka lakini haikuwa imekufa. Chai ikarudi pande zote mbili, kijani, imechongwa sawa. Wachumaji walikuwa wanapima majani kwenye banda la kijiji, na mizani ikiwa imening'inia kwenye boriti, karani akiandika, watoto wakatukimbilia wakishangilia, wakashika kerieri isiyokuwepo, wakakimbia nasi mpaka juu.

Tuliingia Tukuyu jua halijazama, tukavaa makoti. Usiku ule kule Katumba tulikula mbalaga, ndizi zilizopikwa zikalainika pamoja na nyama, na hakuna aliyezungumza mpaka sahani ya pili.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria jambo moja. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267 na nusu, zenye kupanda jumla ya zaidi ya mita 5,000, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Walioanza walizidi 160. Waliomaliza walikuwa 30. Vilima, joto na mwinuko kutoka usawa wa bahari viliwaangusha watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Rwanda ilifika hapo kwa kuanza mapema: Tour du Rwanda ilizaliwa mwaka 1988, ikakua kidogo kidogo, na vijana waliokuwa wakibeba mizigo kwa baiskeli vilimani wakapewa nafasi ya kushindana. Biniam Girmay wa Eritrea, nchi nyingine ya milima, mwaka 2024 aliivaa fulana ya kijani hadi mwisho wa Tour de France. Kwa hiyo hili si jambo la wageni tena.

Sisi tunayo barabara. Msafara wa Tour d'Afrique, unaotoka Cairo kwenda Cape Town tangu mwaka 2003, hupita hapahapa ukielekea Malawi, ila wao huiteremka. Tunao waendeshaji, wale wa chini ya mwembe pale Kyela. Mwanza na Shinyanga wana mila yao ya mashindano ya baiskeli na wametoa waendeshaji wazuri, lakini kwao hakuna mlima wa namna hii. Kwa Chama cha Baiskeli Tanzania, na kwa halmashauri za Kyela na Rungwe, ombi langu ni hili: tafuteni asubuhi moja ya Oktoba, fungeni barabara kuanzia alfajiri hadi saa nne, muwawekee watu maji kila kilomita tano, na mshindanishe kutoka Kyela kupanda Tukuyu. Wekeni daraja la baiskeli za resi kwa wenye nazo, na daraja la pili, lenye zawadi sawa na la kwanza, kwa baiskeli zisizo na gia.